Pasta wa Foleni

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa kwenye foleni ya mafuta, na sidhani kama kuna mahali pengine palipofaa zaidi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, gari langu limezimwa kama kawaida, nami nasoma gazeti la juzi. Mama mmoja mfanyabiashara wa ndagala, ambaye sote wa foleni tunamfahamu kwa pikapu yake inayonuka samaki kabla haijaonekana, alikuja akagonga kioo changu akaniambia kwamba Pasta ametutoka. Alilala vizuri, akasema, amekula, ametaniana na mkewe, na asubuhi hakuamka. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba si desturi yangu kulia hadharani. Nililaza kiti nyuma nikajifanya nimesinzia, na yule mama, ambaye siku nyingine hana simile na mtu, alinielewa akarudi kwenye gari lake.

Hakuwa pasta, na heri niliseme hilo mapema kabla makanisa hayajaanza kumgombania. Alikuwa dereva wa teksi, mkazi wa mtaa wa Cibitoke, mwenye gari jeupe lililobanduka rangi ubavuni na breki za kuombea. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa dogo la walokole mtaani kwake, akiwaonyesha watu viti, kazi aliyoifanya kwa fahari kuliko maaskofu wengine wanavyofanya yao. Jina la Pasta tulimpa sisi, kwa utani, kwa sababu kila asubuhi kabla foleni haijasogea alishuka garini, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa, akasali. Urafiki wetu wote ulikuwa wa barabarani. Yeye mbele, mimi nyuma, au mimi mbele na yeye nyuma, kutegemea nani aliwahi kusikia uvumi. Kwa miaka kadhaa hatukuwahi kutembeleana, lakini nilijua vidonge vya mkewe vya presha, naye alijua kwamba nakoroma.

Asiyeishi Bujumbura huenda akashangaa urafiki wa namna hiyo. Hapa kwetu petroli, ambayo wenyewe tunaiita essence, imekuwa mgeni anayekuja anapotaka na kuondoka bila kuaga. Likionekana lori la mafuta linakata kona, simu zinalia mji mzima, na kufumba na kufumbua magari yameshikana kutoka kituoni hadi mtaa wa pili. Foleni ikisogea huwashi injini, utapoteza hata kile kidogo ulicho nacho. Unashuka, unaliegemea gari lako kwa bega, unalisukuma, unarudi kukaa. Tumekula humo, tumenyoana ndevu humo, tumekosana na kupatana humo. Nimeandika makala zangu nyingi juu ya usukani, na mhariri wangu akilalamika kwamba zinazunguka sana, namwambia ajaribu kuandika yeye huku akisukuma gari.

Mtu hufichuka upesi kwenye foleni. Huko nyuma nilidhani dhiki huwafanya watu wapendane, maana ndivyo inavyosemwa makanisani na kwenye hotuba. Nilichokiona ni tofauti. Nimemwona mwalimu mstaafu akimrushia ngumi mtu wa umri wa mwanawe kwa ajili ya nafasi ya gari moja. Nimewaona marafiki wa toka shule wakinyimana habari za kituo kilichopata mafuta. Mimi mwenyewe ni mwepesi wa hasira, na kule nilikuwa nachemka kama chungu. Kwa hiyo huyu jirani yangu anayeimba tenzi alfajiri, akitoka gari hadi gari kuulizia nani amelala vibaya, alinikera. Siku moja nilimtolea uvivu. Nilimwambia kwamba nimemwona akisali wiki nzima na pampu ni kavu vilevile, basi ama Mungu hasikii au Mungu haendeshi gari. Hakukasirika. Aliirudisha kofia kichwani, akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mi siombake essence, patron," alisema. "Essence itakuja siku yake. Naombaka Mungu asiniache nigeuke mutu mubaya kabla essence ifike."

Mtu wa kazi yangu akizidiwa kwa maneno huwa anabadilisha mazungumzo. Nilimuulizia familia. Ndipo nilipojua kilichokuwa kinamweka kwenye foleni hata siku ambazo sisi wengine tulikata tamaa tukaenda zetu nyumbani. Binti yake wa pekee ameolewa Gatumba, karibu na mpaka, upande ule ambao mto ukikasirika unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika wakati wake, uchungu ukaanza, na teksi ya baba ikiwa imesimama uani Cibitoke, tangi limekauka. Walihangaika kutafuta gari, wakalipata wamechelewa, na mtoto hakufika hospitali akiwa hai. Sasa binti alikuwa na mimba ya pili, iliyokwisha kuwa kubwa. Kuhamia kwa baba yake hakutaka, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa hajiwezi kitandani na hakuna mwingine wa kumwosha. Baba mtu alikuwa anahitaji kitu kimoja tu duniani, safari moja ya kwenda Gatumba na kurudi mjini, siku ambayo hakuna aliyeijua. Nilipokwisha kusikia hayo nilimpa nusu ya mkate wangu.

Sasa niwasimulie kituko, maana yeye mwenyewe angenilaumu nikimwandikia makala ya huzuni tupu. Jumamosi moja alinipigia simu akinong'ona, kama mtu aliyeona hazina, kwamba njia ya Kajaga kuna foleni fupi, niwahi kabla mji haujajua. Nilifika nikihema. Kweli, magari yalikuwa yamejipanga pembeni mwa barabara, masafi, mazuri, na teksi yake nyeupe nyuma ya la mwisho. Nikajipanga nyuma yake. Nyuma yangu akaja mwingine, na mwingine, na baada ya muda nikitazama kwenye kioo sikuuona mwisho. Kituo cha mafuta kilikuwa mbele baada ya kona, hatukukiona, lakini nani anahitaji kuona kituo akishaona foleni? Tulikaa pale hadi jua likawa kali. Hakuna gari lililosogea. Wa nyuma wakaanza kupiga honi. Ndipo lango la ukumbi mmoja wa ufukweni likafunguliwa, akatoka bwana mmoja amevaa suti nyeusi, akaja moja kwa moja hadi kwetu, akatuinamia kwa heshima na kutuuliza kama sisi ni wa upande wa marehemu au wa upande wa wakwe.

Ilikuwa sherehe ya kuvunja matanga, ile ambayo mjini tunaiita levée de deuil. Magari yale masafi yalikuwa ya wafiwa na wageni wao, wameegesha na kuingia ndani zamani. Sisi tulikuwa tumepanga foleni nyuma ya msiba, na kuwapanga wengine nyuma yetu. Mimi nilitaka kuwasha gari na kutokomea, petroli iishe ikitaka. Pasta akasema hapana, tumewapigia honi watu wenye kilio, lazima tuingie tuombe radhi. Tukaingia. Wewe mtu wa hapa unajua ilivyo: ukishavuka mlango wa matanga huna ruhusa ya kubaki umesimama. Tulikalishwa viti vya mbele, tukawekewa Fanta mkononi, na kabla hatujapata nafasi ya kueleza, msemaji wa familia, ambaye alituchukulia kuwa wajumbe wa kanisa fulani, alitangaza kwamba wageni waliochelewa wana neno. Kipaza sauti kikamfikia Pasta. Mjane wa kiume, mzee mrefu aliyekonda, alikuwa amekaa mbele yetu ameinamisha kichwa.

Pasta alisimama, kofia mkononi. Alisema hakumjua marehemu, na Mungu amsamehe, wala hakuja kwa ajili yake. "Sisi tulikuwa tunatafuta essence," alisema. "Tuliona magari, tukapanga ligne." Kisha yule mzee akainua kichwa, mabega yakaanza kumtetemeka, na nilidhani tumemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka akajifuta macho kwa leso, akacheka tena, na ukumbi mzima ukamfuata, hadi wanakwaya. Baadaye wanawe walituambia kwamba tangu siku ya mazishi baba yao hakuwa ametoa hata tabasamu. Pasta aliomba ruhusa ya kuwasalia, akasali sala fupi, akamshika mzee mkono. Tulipotoka jua lilikuwa limepoa na matangi yetu yalikuwa makavu kama tulivyokuja. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia tumepoteza siku nzima. Alinijibu kwamba tumekula, tumesali na watu, mzee amecheka, sasa anaomba nimwonyeshe siku imepotelea wapi.

Msidhani alikuwa mtu wa chuma. Wiki iliyofuata mvua zilinyesha sana milimani, habari za mto zikawa mbaya, na vituo vyote vilikuwa vimefungwa kwa minyororo. Nilimkuta asubuhi amekaa juu ya bampa, haimbi, kofia iko kichwani. Nikamuuliza kama amesali. Akasema leo hapana, yeye na Mungu wamenuniana, na safari hii hatakuwa yeye wa kwanza kuanza mazungumzo. Nilicheka, lakini nilimwona anavyoitoa simu mfukoni na kuirudisha, kila mara. Alikuwa anamwogopea bintiye kuliko alivyotaka nijue. Nadhani siku hiyo ndiyo nilianza kumheshimu kweli, kwa sababu nimewasikia wahubiri wengi wakiahidi kwamba ukiamini utapewa gari, na huyu alikuwa na gari tayari, alichokosa ni cha kulitia. Imani yake haikuwa ya kuahidiwa kitu. Ilikuwa kama ndoa ya siku nyingi, yenye siku za kununa ndani yake, lakini hakuna anayefungasha virago. Adhuhuri nilimwona amevua kofia, ameshika boneti, midomo inacheza. Sikumuuliza nani alianza.

Lori lilikuja siku mbili tatu baadaye. Foleni ilikuwa ndefu ajabu, na sisi wawili tulikuwa mbali, mkiani kabisa, ilipolia simu yake. Ni mkwe wake, kutoka Gatumba. Uchungu umeanza. Barabara bado inapitika, lakini maji yapo kando, na majirani wote matangi matupu, hata pikipiki. Aliniambia kwa sauti ya chini, kisha akabaki ameshika simu. Nilimwambia aende mbele, awaeleze watu. Akatikisa kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiwarudisha nyuma wajanja wote wa foleni, kwa maneno matamu, lakini akiwarudisha. "Nitawaambia nini?" aliniuliza. "Watu wamelala hapa."

Basi nikashuka. Sijui kuombaomba, na sauti yangu si ya kubembeleza, kwa hiyo nilimchukua yule mama wa ndagala, tukaenda gari hadi gari. Wengi walikubali kabla hatujamaliza sentensi, maana nani katika foleni ile hakuwa amewahi kugongewa kioo na Pasta na kuulizwa hali? Lakini karibu na mbele tulimkuta bwana mmoja mtumishi wa serikali, tai shingoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikataa, na sababu yake ilikuwa ya haki. Kila mtu hapa ana mgonjwa wake, alisema, yeye mama yake yuko mkoani Ngozi na hajapelekewa dawa, na leo tukimpitisha mmoja, kesho watapita wote. Mimi damu ilianza kupanda. Mama wa ndagala akanishika mkono.

"Kataa, papa, ni haki yako," alimwambia. "Ila toka mu gari uende umukatalie yeye. Usimukatalie kwangu."

Bwana yule alishuka kwa hasira, akafuata foleni nzima hadi mkiani, nasi nyuma yake. Alimkuta Pasta amesimama kando ya teksi, kofia mkononi, hamtazami mtu. Sikusikia walichosemezana, kilikuwa kidogo. Nilichokiona ni yule bwana akiitupa tai yake begani, akazunguka nyuma ya teksi na kuweka viganja kwenye buti. Sisi wengine tukaweka mikono palipobaki. Tuliisukuma ile teksi kupita kando ya magari yote, na kila tulipopita watu walishuka kupokezana na waliochoka. Mtu mmoja akaanzisha ule utenzi wa alfajiri, ambao kumbe sote tulikuwa tumeujua bila kukusudia, hata mimi. Pasta alikuwa ndani anashika usukani, machozi yanamtiririka, akipiga kelele dirishani kwamba twende polepole, breki ni mbovu.

Alijaziwa, akaondoka. Petroli ilikwisha kituoni magari machache kabla ya langu, na mwenye tai pia hakupata. Hakuna aliyelipwa wema wake siku ile, niseme ukweli, kwa kuwa najua baadhi yenu mlikuwa mnasubiri niandike kwamba lori la pili lilitokea. Halikutokea. Lakini hatukutawanyika. Tulibaki pale tukijidai kwamba tunasubiri mafuta, na jioni simu yangu ikalia, naye akasema neno moja tu, kwamba ni msichana. Nilishuka nikalipaza neno hilo. Honi zilizolia pale ziliwaleta askari mbio kuuliza kuna nini, na mama wa ndagala akawajibu kwamba foleni imejifungua.

Mtoto huyo sasa anatembea na kuvunja vikombe. Nimemwona Jumamosi iliyopita, Cibitoke, kwenye matanga ya babu yake, akipita chini ya viti vya wageni na kuvuta kamba za viatu vyao. Binti alinisalimu kwa mikono miwili. Aliniambia baba yake alikuwa akisema kwamba ana makanisa mawili, moja la matofali na moja la matairi. Ilinigusa, nikajifanya natafuta miwani. Mama wa ndagala alikuwapo, na bwana mwenye tai alikuwapo pia, na madereva wengi kiasi kwamba mtaa mzima wa nyumba yake ulijaa magari yaliyopangana pembeni, bampa kwa bampa, hadi kona.

Nami nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo gari langu lilikuwa la mwisho. Nilikuwa bado nafunga mlango teksi moja iliposimama nyuma yangu. Dereva, mtu wa makamo nisiyemjua, alishusha kioo akaniuliza kama kweli lori limefika na kama watauza hadi jioni. Nilimwambia pole, bwana, essence hakuna, hapa kuna msiba. Alishika kichwa. Nilimwona usoni ile hasira ninayoijua, hasira ya mtu aliyetumia tone lake la mwisho kufuata kitu ambacho hakipo, na nikajua kwamba akiondoka hivyo, mtu fulani nyumbani kwake atailipia. Nikamfungulia mlango. Nikamwambia kuna Fanta na kuna watu, aingie apumzike.

Aliingia. Alikalishwa mbele, kama ilivyo ada, na ulipofika wakati wa wageni kujieleza alisimama kwa aibu akasema yeye hakumjua marehemu, aliona magari akapanga foleni. Nilimtazama mjane wa Pasta. Aliziba mdomo kwa kitenge, kisha akakitoa, akacheka kwa sauti hadi bintiye akamshika bega, na nyumba yote ikacheka naye, nami nikalia kwa furaha mbele za watu, wasomaji wangu, na aliyeniona ashuhudie.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Tumefundishwa kumtegemea Mungu wakati wa dhiki, na wengi wetu tumeelewa kwamba maana yake ni kuwa na hakika pampu itatoa. Mtu huyu hakuwa na hakika hiyo. Mjukuu wa kwanza alimzika, na siku nyingi tangi lake lilibaki kavu. Alichomkabidhi Mungu ni moyo wake mwenyewe, usichache wakati wa kungoja, na naona kwamba ombi hilo alijibiwa kila siku mbele ya macho yangu huku mimi nikitazama pampu. Mji wetu utapata mafuta siku moja. Ninachotaka kujua ni tutakuwa watu wa namna gani siku hiyo.

Nilipotoka matangani nikawasha gari, taa nyekundu ya tangi ilikuwa imewaka. Nilishuka, nikatazama huku na huku kama mwizi, nikaweka kiganja juu ya boneti. Sikuomba petroli.